Ndege Iliyotekwa na Orodha ya Majina

Mazungumzo ya redio juu ya amani, Bunia. Maneno yamechapwa kama yalivyosomwa hewani.

 

Leo tutazungumza juu ya filamu. Najua wazee wengine watasema: huyu mwalimu wa uraia ameishiwa na maneno, sasa anatuletea mambo ya chumba cha video. Ngojeni kidogo, wazee wangu. Vijana wetu wanakaa katika vyumba vile kwa saa nyingi kuliko wanavyokaa katika mikutano yetu ya amani. Wakitoka mle, hakuna anayewauliza wameona nini. Mimi nimewauliza, na majibu yao ndiyo yaliyonifanya niandike mazungumzo haya.

Kuna filamu za aina moja zinazopendwa sana. Ndege ya abiria iko juu, watu wanakunywa chai, mama amelaza mtoto, mara mtu anasimama na bunduki na kusema ndege hii sasa ni yangu. Mfano mmoja ni filamu inayoitwa The Delta Force, iliyotoka mwaka 1986, ikaongozwa na Menahem Golan, na Chuck Norris akiwa askari shujaa. Ni filamu ya zamani sasa, lakini baba wa leo waliiona walipokuwa vijana, na watoto wao wameona wadogo zake wengi. Ukimwuliza mtu anakumbuka nini katika filamu hiyo, atakuambia pikipiki. Ndiyo, ile pikipiki inayorusha makombora mbele na nyuma! Kijana mmoja wa teksi-moto aliniambia kwamba angekuwa na pikipiki ile asingelipa bariyeri hata moja mpaka Mahagi. Tulicheka wote.

Lakini filamu ile ilitungwa kwa kufuata jambo la kweli. Mwezi wa sita mwaka 1985, ndege ya kampuni ya Marekani iliyoitwa TWA, safari namba 847, ilitekwa ilipotoka Athens kwenda Roma. Ikazungushwa kati ya Beirut na Algiers. Mwanamaji mmoja wa Marekani aliuawa. Na hao wengine, waliokolewa na pikipiki gani? Hakuna. Mateka wa mwisho waliachiliwa siku ya 17, baada ya watu wa pande nyingi kuzungumza, kukasirikiana, kupatanisha na kuzungumza tena. Mwenye filamu aliona kwamba mazungumzo hayauzi tiketi, basi akaweka pikipiki. Ninyi vijana mnaosema mazungumzo ni kazi ya waoga, mjue kwamba hata shujaa wenu Chuck Norris alipewa ushindi ambao katika maisha ya kweli ulipatikana mezani.

Hilo nimelitaja kwa kupita tu. Ninachotaka tukitazame ni sehemu nyingine ya filamu ileile, kabla ya pikipiki. Watekaji wanakusanya pasipoti za abiria, kisha wanamlazimisha mwanamke anayehudumia ndani ya ndege atafute majina ya Wayahudi. Hapo hakuna risasi. Hapo, vijana waliniambia, ndipo wengi wanapotoka nje kununua karanga.

Mimi nasema hapo ndipo pa kukaa na kutazama.

Sasa tuache filamu ya Beirut, turudi karibu na kwetu. Mwaka 1976, ndege ya abiria iliyotekwa ililetwa Entebbe, ng'ambo ya Ziwa Albert, mahali ambapo ndege ndogo kutoka Bunia inafika kwa kama saa moja. Entebbe si mahali pageni kwetu. Mnakumbuka mwezi wa sita mwaka 2003, askari wa Ulaya wa ile operesheni iliyoitwa Artemis walipofika Bunia kwa azimio namba 1484 la Umoja wa Mataifa: ndege zao nyingi zilitokea Entebbe. Wagonjwa wetu wanapita huko, wafanyabiashara wetu wanapita huko. Juu ya tukio lile la 1976 zimetengenezwa filamu nyingi: mbili za Marekani zilitoka upesi, kabla hata mwaka mmoja haujapita, moja ya Israeli ilitoka 1977, na mwongozaji wake alikuwa Menahem Golan yuleyule, nyingine tena ilitoka 2018. Zote zinangoja usiku wa makomandoo. Mimi nitaanza na siku zilizotangulia usiku huo.

Siku ya Jumapili, tarehe 27 ya mwezi wa sita 1976, ndege ya Air France, safari namba 139, ilitoka Tel Aviv kwenda Paris na kusimama Athens, Ugiriki. Huko Athens walipanda watu wanne wenye silaha mizigoni: Wapalestina wawili, na Wajerumani wawili, mwanaume na mwanamke. Muda mfupi baada ya kuruka waliikamata ndege. Ilikuwa na abiria karibu 250 na wafanyakazi 12. Ikashuka kwanza Benghazi, Libya, kutia mafuta, na alfajiri ya tarehe 28 ikatua Entebbe. Pale wenzao wengine walikuwa wakiwangojea, na Rais wa Uganda wa wakati ule, Idi Amin, akawapokea. Amin aliwatembelea mateka mara kwa mara, akajiita rafiki yao, na huku askari wake wakiwalinda pamoja na watekaji. Watekaji walidai wafungwa 53 waachiliwe. Wengi wao walikuwa Israeli, wengine walikuwa Kenya na katika nchi za Ulaya.

Mpaka hapo mateka wote walikuwa kitu kimoja. Walikuwa wamelala sakafuni katika jengo la zamani la uwanja, Mfaransa karibu na Mwisraeli, mzee karibu na mwanafunzi, wakigawana maji na joto na mbu. Hofu ilikuwa moja.

Tarehe 29 jioni, Mjerumani yule akashika karatasi. Akaanza kusoma majina. Kila aliyeitwa alipaswa kuondoka na kupita katika chumba cha pili, kupitia tundu lililobomolewa ukutani. Walioitwa walikuwa wenye pasipoti za Israeli, na wengine wachache ambao hawakuwa raia wa Israeli lakini walidhaniwa kuwa upande huo. Inasimuliwa kwamba mzee mmoja alikunja mkono wa shati lake na kumwonyesha Mjerumani huyo namba iliyochorwa katika ngozi yake tangu kambi za Hitler. Alikuwa ameokoka orodha nyingine, miaka 30 na zaidi nyuma. Mwenye karatasi alijibu kwamba yeye si kama wale, yeye anapigania haki ya wanyonge. Pengine aliamini hivyo kweli. Mimi nimekutana na watu wengi katika Ituri ambao walisimama bariyeri na kuamini kwamba wanapigania haki ya wanyonge.

Kisha watekaji wakaanza kuachilia waliobaki katika chumba cha kwanza: 47 tarehe 30, na 101 tarehe 1 ya mwezi wa saba. Wakapanda ndege, wakaenda Paris.

Sasa sikilizeni. Rubani mkuu wa ndege ile aliitwa Michel Bacos. Mfaransa, hakuwamo katika orodha. Mlango ulikuwa wazi kwake. Akasema kwamba abiria wote ni abiria wake, na hataondoka mpaka wa mwisho aondoke. Akawauliza wafanyakazi wenzake, na wote wakabaki pamoja naye. Mtawa mmoja wa Ufaransa naye aliomba abaki ili mwingine aende mahali pake. Watekaji wakamkatalia na kumpandisha ndege kwa nguvu.

Rubani huyu hakuwa na bunduki. Hakumpiga mtu. Hakutoa hotuba. Alikataa kazi moja tu: kazi ya orodha. Orodha ilisema hawa ni wa kufa na hawa ni wa kwenda nyumbani; yeye akasema mimi naona abiria tu.

Walioachiliwa nao walifanya jambo ambalo halitajwi sana. Walipofika Paris waliulizwa, nao hawakunyamaza ati kwa kuwa wao wamepona. Walieleza jengo lilivyo, mateka wako chumba gani, watekaji ni wangapi, wanasimama wapi, askari wa Amin wanafanya nini. Maneno hayo ndiyo yaliyowasaidia waliopanga kwenda kuwaokoa. Nitarudi kwa hilo.

Usiku wa makomandoo wenyewe nitaupita upesi, filamu zimewaonyesha vya kutosha. Usiku wa tarehe 3 kuingia 4 ya mwezi wa saba, ndege nne za kijeshi za Israeli, Hercules, zilitua Entebbe baada ya safari ya kilomita 4000 hivi. Ndani ya ya kwanza kulikuwa na Mercedes nyeusi kama ya Amin ili kuwadanganya walinzi. Kwa muda wa saa moja na nusu yote yalikwisha. Mateka 102 waliokolewa, watatu walikufa katika risasi, watekaji waliuawa, na kamanda mmoja wa Israeli, Yonatan Netanyahu, akafa. Ndege zikapitia Nairobi kutia mafuta na kutibu majeruhi. Watu wakashangilia, filamu ikaisha, taa zikawashwa.

Waliokufa pia ni askari wa Uganda, makumi kadhaa. Katika filamu wanaanguka kama majani, hakuna mwenye jina. Nao walikuwa watoto wa watu, wametoka vijijini, wamepewa kazi ya kulinda jambo ambalo hakuna aliyewauliza kama wanalikubali.

Na baada ya ndege kuondoka? Hapo ndipo nawaomba msizime redio.

Kulikuwa na mama mmoja mzee, Dora Bloch, mwenye miaka 74. Siku mbili kabla, chakula kilimkwama kooni, akapelekwa hospitali ya Mulago, Kampala. Kwa hiyo usiku wa kuokolewa hakuwapo uwanjani. Alikuwa mgonjwa peke yake, kitandani, katika mji wa mtu aliyeaibishwa. Watu wa Amin walimtoa kitandani na kumwua. Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa afya wa Uganda na ambaye alikimbia mwaka uliofuata, aliandika habari hiyo. Mifupa yake ilipatikana mwaka 1979, baada ya Amin kuanguka, katika shamba la miwa upande wa njia ya Jinja.

Kisha Amin akatafuta mwingine wa kulipa. Kenya iliruhusu ndege zitie mafuta. Basi Wakenya waliokuwa Uganda wakawa maadui. Mtu aliyekuwa akifanya kazi yake, akiuza duka lake, ambaye usiku ule alikuwa amelala kama wewe na mimi, aliulizwa: wewe ni Mkenya? Mamia waliuawa katika siku na majuma yaliyofuata, maelfu wakakimbia kuvuka mpaka. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetia mafuta katika ndege ile.

Tena haikuishia hapo. Mwezi wa nne 1979 Kampala ilianguka mikononi mwa jeshi la Tanzania na wapinzani wa Amin. Amin mwenyewe alikimbia. Alikufa Saudi Arabia mwaka 2003, kitandani. Lakini watu wa West Nile, upande ule ambako yeye alikotokea, hawakuwa na ndege ya kuwapeleka Saudi Arabia. Wakaulizwa nao: wewe ni wa kule? Mwezi wa sita 1981, pale Ombaci karibu na Arua, watu waliokimbilia misioni waliuawa. Wengi walivuka mpaka wakaingia kwetu, Aru na Mahagi. Ninyi wasikilizaji wa Aru na Ariwara mnajua habari hii kuniliko mimi, kwa maana wazazi wenu waliwapa viwanja na mbegu za mihogo, na wengine wamewaoza binti zao.

Tazameni sasa jinsi karatasi ile ilivyotembea. Jumanne ilikuwa mkononi mwa Mjerumani na jina lililosomwa lilikuwa la Mwisraeli. Juma lililofuata ilikuwa mkononi mwa askari wa Amin na jina lilikuwa la Mkenya. Miaka mitatu, minne, ilikuwa mkononi mwa adui wa Amin na jina lilikuwa la mtu wa West Nile, pengine ndugu wa askari yuleyule aliyeishika zamani. Majina yanabadilika, karatasi ni moja. Mwenye kuishika leo anafikiri ni mali yake, kumbe ni ya kupokezana.

Ndugu zangu, mpaka hapa sijataja kabila lolote la Ituri, na sitataja. Kila mmoja wenu ameshaweka majina mwenyewe kichwani mwake wakati ninasema. Hilo lenyewe linatosha kutuambia tuko wapi.

Mwaka 2002 na 2003, katika mji huu na katika njia zake, watu walisimamishwa wakaulizwa: wewe kabila gani? Wengine hawakuulizwa, waliangaliwa urefu na pua. Wengine waliambiwa wasalimie kwa lugha fulani, na jinsi walivyosalimia ndivyo walivyopita au walivyobaki. Pale Nyankunde, mwezi wa tisa 2002, wagonjwa waliuawa katika vitanda vya hospitali kwa sababu ya kabila lao. Nilipotaja Dora Bloch na hospitali ya Mulago, najua wengi wenu mliona Nyankunde. Mwezi wa pili 2003 ilikuwa Bogoro. Mwezi wa tano ilikuwa Bunia yenyewe, na watu maelfu walijibana karibu na uwanja wa ndege na kambi ya Umoja wa Mataifa, wakitazama ndege zinaruka bila wao. Na tangu mwisho wa mwaka 2017 tumeanza tena kuzika, kule Djugu na kwingineko, na karatasi ileile imetolewa mfukoni. Siku hizi inapita hata katika simu: orodha ya maduka, orodha ya waalimu, orodha ya nyumba katika avenyu fulani.

Sisi tuliosoma sheria tunalaumiwa kwamba tunaleta vitabu mahali penye mapanga. Sawa, lakini kitabu kina maneno, na maneno haya ni yenu. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, katika kipengele cha tatu ambacho ni sawa katika mikataba yote minne, inakataza kushika mateka hata katika vita vya ndani ya nchi. Miaka mitatu baada ya Entebbe, mwezi wa kumi na mbili 1979, Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba maalum dhidi ya kushika mateka. Sheria ya Roma, ambayo Kongo iliiridhia mwaka 2002, inahesabu kushika mateka wakati wa vita kuwa kosa la vita; na kuwatesa watu kwa ajili ya kabila lao, kama ni mpango wa kushambulia raia, kunahesabiwa kuwa kosa dhidi ya ubinadamu. Mwaka 2019 mahakama ya The Hague ilimhukumu Bosco Ntaganda miaka 30, na moja kati ya makosa yale ni hilo la mwisho. Waliotoa ushahidi kule walikuwa watu wa Ituri, raia kama ninyi.

Nitataja moja la karibu zaidi, ambalo lingekuwa filamu kama lingetokea kwa Wazungu. Mwezi wa pili mwaka 2022, Serikali ilituma wajumbe Djugu kuzungumza na kundi lenye silaha. Kundi hilo likawashika mateka wajumbe walewale. Kati yao alikuwamo Thomas Lubanga, ambaye The Hague ilikuwa imemhukumu mwaka 2012 kwa kuwaingiza watoto katika vita, akamaliza kifungo chake. Alikaa mikononi mwao majuma mengi, mpaka mwezi wa nne. Sisemi hivyo kwa kumcheka. Nasema kwa sababu kushika mjumbe wa amani ni kukata daraja huku wewe mwenyewe uko ng'ambo na unahitaji kurudi.

Sasa Katiba yetu ya 2006. Kipengele cha 13 kinasema Mkongomani yeyote asibaguliwe kwa ajili ya kabila lake. Hicho mnakijua, kinatajwa katika mikutano yote. Kipengele cha 28 hakitajwi sana, nami nakipenda kuliko kile: hakuna anayelazimika kutimiza amri ambayo ni wazi kwamba inavunja sheria. Kijana uliye bariyeri, umepewa kamba na panga au bunduki, mkubwa wako anakuambia, watoe watu wa kabila fulani katika gari. Katiba inakuambia huna wajibu wa kutii. Na ukitii, kusema kwamba uliamriwa hakutakuokoa kwa urahisi mbele ya hakimu.

Najua jibu litakalokuja. Shofere mmoja wa njia ya Mahagi aliniambia hivi: “Mwalimu, yule rubani wako alikuwa Mzungu, nyuma yake kuna Ufaransa nzima. Mimi nyuma yangu kuna mke na watoto sita. Nikikataa kuonyesha abiria, nitalala pale pale.” Ni neno la kweli, na sitasimama mbele ya mikrofoni nikiwa na mlango uliofungwa nyuma yangu, nimwambie shofere akafe. Sheria yenyewe haimdai mtu afe.

Lakini shofere huyuhuyu aliendelea kuzungumza, akaniambia mambo ambayo hakujua kwamba ni makubwa. Kwamba katika gari lake hamtaji mtu kwa kabila, wala hakubali abiria wapangwe nyuma na mbele kwa kabila. Kwamba karatasi ya abiria anaandika jina, mahali pa kushukia na pesa, basi. Kwamba akiulizwa bariyeri una nani ndani, anajibu: nina watu kumi na wawili, wamelipa wote. Je, hilo si jibu la Bacos? Amelisema kwa Kiswahili, na ameshapita nalo mara nyingi. Wakuu wa mashirika ya usafiri wanaotusikiliza, na wenye mitumbwi ya Kasenyi na Tchomia, nawauliza: karatasi zenu za abiria zinaandika nini? Kama kuna mstari wa kabila, ni nani aliyeuweka, na kwa faida ya nani?

Na kuna wale wanaopita. Katika kila bariyeri ya namna hii, walio wengi wanaachwa wapite. Wanashukuru Mungu, wanafunga dirisha, wanafika nyumbani, wananyamaza. Nilisema nitarudi kwa wale walioachiliwa Entebbe. Hawakuwa mashujaa, walikuwa watu waliochoka na kuogopa, wanaotaka kuoga na kulala. Lakini walisema waliyoyaona, na wale waliobaki nyuma walipata msaada kwa sababu hiyo. Kama umepita na mwenzako amebaki, wewe ndiwe unayejua saa, mahali, gari la rangi gani, nani alitoa amri na alivaa nini. Peleka habari siku ileile kwa jamaa zake, kwa shefu wa kijiji, kwa padri au mchungaji au shehe, kwa watu wa haki za binadamu, kwa ofisi ya mwendesha mashtaka wa jeshi hapa Bunia. Usiitangaze katika simu na kuongeza chumvi, maana hapo nawe unaandika orodha yako. Peleka kwa anayeweza kufanya kitu. Watu wamerudi nyumbani wakiwa hai kwa sababu aliyepita hakunyamaza, tena mara nyingine alikuwa wa kabila lile lile la wenye bariyeri.

Kuna mama mmoja aliyeniuliza kwa barua kama ni vizuri watoto waendelee kuona filamu hizi. Mama, mimi sifungi vyumba vya video. Kaa naye siku moja, na ikifika sehemu ya pasipoti mzuie asitoke kununua karanga. Mwulize: wewe ungekuwa katika chumba gani? Halafu mwulize, na jirani yetu?

Muda wetu umekaribia kwisha. Wengi watataka kujua yaliyompata rubani. Michel Bacos alirudi Ufaransa, akapewa nishani, na baada ya mapumziko ya majuma mawili akarudi kazini. Aliomba safari yake ya kwanza iwe ya kwenda Israeli, aone kama bado ana hofu. Alikufa Nice mwezi wa tatu mwaka 2019, mzee wa miaka 94.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutakuwa pamoja na mashofere wawili na mama mmoja muuza samaki wa Kasenyi, nao watatueleza wenyewe jinsi wanavyojibu bariyeri. Mwenye swali alilete kabla ya Ijumaa. Kwaherini.